Historia Mbili za Mzee Lazaro

Tulimzika Mwalimu Eunike mwezi uliopita, kijijini kwake, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki kutoka Mpwapwa mjini. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, mwanamke wa miaka sitini na tatu niliyepakiwa nyuma ya dereva wa bodaboda aliyenikumbusha "shikilia vizuri, bibi" kila tulipokutana na korongo. Ibada ilikwenda vizuri, kwaya iliimba, na ilipofika zamu ya historia ya marehemu, mpwa wake alisimama na simu mkononi, akaisoma kwa dakika nne. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameitwa na Bwana. Hapakuwa na uongo hata neno moja. Ila huyu ndiye mwanamke aliyeandika historia za karibu nusu ya watu waliolala katika makaburi yale, na ya kwake ilisomwa kama fomu iliyojazwa dirishani huku foleni ikisukuma. Niliketi pale juu ya turubai, miguu imekufa ganzi, nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani. Mpwa alifanya alichoweza. Mimi mwenyewe sikuombwa, lakini pia sikujitolea. Baadaye, tukila wali na maharage ya msibani, ndipo nilipotambua kwamba hasira ile ilikuwa ya zamani, na aliyestahili kuipokea ni mimi. Katika watu wote waliokuwepo pale, mimi ndiye niliyejua kwa hakika kwamba historia inaweza kusomwa kaburini bila uongo hata mmoja na bado ikamdhulumu mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka nilioishi kwa Mwalimu Eunike. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, mwandiko wangu uliosifiwa na wakufunzi wote, na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu wa kike, kwa hiyo mwalimu mkuu alinipeleka kwa Eunike: mwalimu wa darasa la tatu, mjane aliyepita miaka hamsini, mwembamba, mwenye ulimi usiohitaji pilipili. Nyumba yake ilikuwa tembe la zamani, paa la udongo na kuta nene, ndani baridi hata jua la Oktoba likichoma nje. Nilipewa chumba kilichopakana na zizi la mbuzi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu, na dirisha la ubao ambalo halikukubali kufunguka lote. Nikilala kidogo mchana niliwasikia mbuzi wakijikuna kwenye ukuta. Chumba cha katikati ndicho kilichokuwa na meza, na juu ya meza kulikuwa na rundo la karatasi za kalenda za miaka iliyopita, zimegeuzwa upande mweupe juu. Tulikula hapo hapo, karatasi zikisogezwa kando: ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando kutoka kwa jirani. Alikula polepole, na hakupenda kuzungumza mpaka amalize tonge la mwisho. Kisha ananawa, anafuta mikono kwenye kanga, anauliza, "Haya, Tabitha, leo umewafundisha nini watoto wa watu?" Nami nilikuwa nikijibu kwa sentensi ndefu sana.

Kwenye karatasi zile za kalenda ndipo alipoandika kile alichokiita mgongo. Chuoni tuliita mpangilio wa insha. Yeye alisema mgongo, basi, na hakueleza zaidi. Mtu akifariki kijijini, ndugu walikuja kupiga hodi ili awaandikie historia ya kusomwa kaburini, maana kanisa lilitaka iandikwe na serikali ya kijiji ilibaki na nakala. Mwalimu Eunike alichukua karatasi moja, akaandika vichwa vya habari kushuka upande wa kushoto, akiacha nafasi pana kati ya kimoja na kingine. Chini ya kila kichwa hakuandika sentensi. Aliandika maneno mawili matatu tu: nani, wapi, nani anayejua. Pasipokuwa na habari aliacha peupe, na peupe pale palimsumbua kuliko mchanga machoni. Angeweza kutembea mpaka kijiji cha pili kwenda kumuuliza bibi mmoja jambo moja. Mgongo ukishajaa, aliubeba mpaka nyumbani kwa wafiwa, akawaketisha wote, na waliokuwa jikoni akawaita, akausoma kichwa kwa kichwa kwa sauti. Akimaliza aliuliza, "Nani hayumo? Nini hakimo?" Akanyamaza. Aliweza kunyamaza muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Ni baada ya hapo tu ndipo aliporudi mezani na kuandika sentensi ya kwanza. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na watu walinung'unika, kwa sababu marehemu hasubiri.

Mimi niliona ni ucheleweshaji tu wa mtu mzima. Nilikuwa na mpangilio wangu kichwani, utangulizi, kiini na hitimisho, na kalamu yangu ilikimbia. Hata lilipotokea jambo la paa sikujifunza. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la darasa la nne, na mwalimu mkuu aliniagiza niandike barua kwa mratibu elimu kata, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika kurasa tatu. Nilianza na umuhimu wa elimu kwa taifa lolote lenye kutaka maendeleo. Mwalimu Eunike alizisoma zote, akarudi mwanzo, akaniuliza, "Paa liko ukurasa wa ngapi?" Nilitafuta. Paa lilikuwa ukurasa wa pili, karibu na chini. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinisogezea karatasi ya kalenda akaniambia niandike mambo manne tu: kimetokea nini, watoto wangapi wako juani, kijiji kitatoa nini, tunaomba nini. "Sasa anayesoma anataka kujua lipi kwanza? Na la pili? Chora mishale." Nilichora mishale, nikahamisha ombi kutoka mwisho kuja juu, nikafuta taifa lote lenye kutaka maendeleo, na barua ikawa nusu ukurasa. Mabati yalikuja kabla ya mwaka kwisha. Nilijiambia ni bahati, na barua iliyofuata niliiandika kwa mtindo wangu ule ule.

Mzee Lazaro alifariki mwezi wa kumi na moja, mawingu yakianza kukusanyika upande wa milimani na watu wakisafisha mashamba ya uwele. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na kijiji kizima kilimheshimu. Mwalimu Eunike hakuwepo. Alikuwa amekwenda Dodoma kutibiwa jicho. Kwa hiyo Mzee Stefano, mdogo wake marehemu, alikuja shuleni asubuhi, akatusalimu sote ofisini kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akavua kofia, akaniambia mimi, "Binti, wewe unakaa kwa Eunike. Bila shaka na wewe unaweza." Niliona fahari iliyonipanda mpaka masikioni. Nilichomoa daftari, nikamketisha kwenye benchi la nje, nikamuuliza kwa kufuata mpangilio niliokuwa nao kichwani. Nakumbuka maswali yangu yote, kwa sababu nimeyarudia miaka arobaini.

"Alizaliwa wapi, baba?"

Akaniambia.

"Alibatizwa lini?"

Akaniambia.

"Alifunga ndoa na nani?"

"Alifunga ndoa kanisani na mama Perisi, mwaka ule ule aliobatizwa."

"Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wangapi?"

"Sita. Wote wazima."

Sijui mpaka leo kama Mzee Stefano alipanga. Nimelifikiria sana, na ninachoweza kusema ni kwamba alijibu kila nilichouliza, na alijibu kweli. Muda wa mapumziko ya chai ulikuwa haujaisha nami nilikuwa nimeshamaliza kuuliza. Nilikaa mchana ule mezani kwa Mwalimu, kwenye meza yake kabisa, nikaandika. Palipokuwa na habari niliandika habari. Pasipokuwa na habari, na palikuwa pengi, niliweka maneno matamu: alikuwa mtu wa watu, mlango wake ulikuwa wazi, pengo lake halitazibika. Leo ninaposoma kazi za vijana wanaoniletea ripoti zao nyumbani Dodoma, huwa natafuta kwanza mahali palipo na maneno matamu kuliko pengine, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo mwandishi alipokosa kitu cha kusema na akaona aibu kwenda kuuliza. Siku ile sikulijua hilo. Nilisoma nilichoandika kwa sauti nikiwa peke yangu, na nilikipenda.

Kesho yake niliisoma kaburini. Nilikuwa na sauti, na upepo ulitulia kana kwamba nao unasikiliza. Wanawake walilia mahali nilipotaka walie. Nilipofika kwenye "ameacha mjane na watoto sita" niliinua macho kama tulivyofundishwa, kuwatazama wasikilizaji, na nikamwona mwanamke mmoja amesimama nyuma ya watu wote, wakati wengine walikuwa wameketi chini. Nilimfahamu kwa sura. Aliitwa Damari, alikuwa mzee, na aliishi katika nyumba ndogo mwisho wa boma la Mzee Lazaro. Siku zote nilidhani ni dada wa marehemu. Alisimama wima, mikono imeshika ncha za kanga, akinitazama mimi badala ya jeneza. Nilirudisha macho kwenye karatasi nikamaliza. Mchungaji alinishika mkono. Mwenyekiti wa kijiji aliomba nakala. Mzee Stefano aliniambia, "Umetuheshimisha," na nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Siku ya tatu ilikuwa ya kumaliza matanga. Wanaume walikaa mbele kwenye kivuli cha turubai na wazee wa ukoo, na sisi wanawake tulikuwa jikoni kwa mama Perisi, jiko la miti iliyosukwa bila kukandikwa, ambamo moshi na maneno vilipita bila kizuizi. Nilikuwa nachambua mlenda. Mama Perisi, mjane mwenyewe, alikataa kukaa ndani kama wafiwa wengine, akashika mwiko akisonga ugali wa watu hamsini. Damari alikuwa kwenye kona, anachochea kuni, na hakuna aliyemwambia neno wala yeye hakumwambia mtu. Ndipo tuliposikia sauti ya Mzee Stefano kule mbele.

"Mvua ziko mlangoni. Lazima tujue nani analima wapi. Ile nyumba ya mwisho na lile shamba la bondeni ni mali ya kaka yangu, na kaka yangu ameacha mjane mmoja."

Mtu mmoja akasema, "Na Damari je?"

"Damari alikaa hapa kwa huruma ya marehemu. Huruma imezikwa. Arudi kwa ndugu zake, Hombolo."

"Stefano, wewe unajua na mimi najua."

"Mimi najua kilichosomwa. Historia imesomwa mbele ya mchungaji na mbele ya mwenyekiti. Kaisoma mwalimu, mtu wa kusoma, hana upande. Mmesikia jina la Damari humo?"

Mwiko wa mama Perisi ulisimama ndani ya sufuria. Mimi nilikuwa nimeshika jani moja la mlenda na sikumbuki nililifanya nini. Nilimnong'oneza mwanamke aliyekuwa kando yangu, "Kwani huyu mama ni nani?" Akanitazama kama anayetazama mtu mpumbavu, na alikuwa na haki. "Hukujua, mwalimu? Na uliandika? Huyo ndiye mke wake wa kwanza." Akanieleza kwa maneno machache, akiendelea na kazi. Lazaro alikuwa na wake wawili alipotaka kubatizwa. Kanisa la siku zile lilimwambia abaki na mmoja. Alibaki na Perisi aliyekuwa na watoto, akamwacha Damari, na Damari hakuondoka, kwa sababu hakuwa na pa kwenda na kwa sababu hakuna aliyemfukuza. Aliendelea na nyumba yake na shamba lake. Aliwalea watoto wa Perisi mgongoni. Alimuuguza Lazaro miezi yote aliyolala kitandani. Baadaye akabatizwa na yeye, na jina la Damari ndilo alilolipata siku hiyo.

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu wa maamuzi ya haraka, alisema kule mbele kwamba hataandika kitu chochote mpaka siku ya kuweka msalaba kaburini, wiki mbili mbele. Siku hiyo ataandika alivyoelewa, na itakuwa hivyo. Nilisikia wanaume wakikubali. Kwenye kona Damari aliongeza kuni mbili motoni, akainuka, akatoka. Alipita karibu nami kiasi kwamba kanga yake iligusa bega langu.

Mwalimu Eunike alirudi Jumamosi, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Nilimweleza yote kabla hajaweka mfuko chini. Nilieleza vibaya, kwa kuruka ruka, nikijitetea kabla ya kushitakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi mezani, akasema, "Lete mgongo wako."

"Sikuuandika, Mwalimu. Nilikuwa nao kichwani."

"Na kichwani mwako Damari alikuwemo?"

"Hapana."

"Ungeuandika kwenye karatasi, ukausoma pale jikoni, hata mtoto angekuambia. Mgongo hauandikwi ili wewe ukumbuke, Tabitha. Unaandikwa ili mwingine aone ulichosahau."

Nililia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kama alivyosubiri watu wakohoe, halafu akanisogezea karatasi ya kalenda. "Utaanza upya. Na siku ya msalaba utasoma wewe, siyo mimi."

"Mzee Stefano atakasirika."

"Atakasirika."

"Watasema mwalimu mgeni hajui anachoandika."

"Siyo kweli?" akaniuliza.

Tulikwenda kwa mama Perisi Jumatatu jioni baada ya shule, jua likiwa bado juu. Mwalimu Eunike aliketi kando akafumba jicho lake zima, kuonyesha kwamba hayumo katika shauri lile. Mama Perisi alimwita Damari, na wote wawili waliketi kwenye mkeka mmoja, miguu imenyooshwa, sufuria la choroko likichemka pembeni. Nilisoma vichwa vyangu: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kazi ya kanisa, ugonjwa. Nikauliza lile swali la Mwalimu. Hakuna aliyejibu kwa muda, na nilitaka sana kuongea ili kujaza ule ukimya, lakini nilijizuia. Kisha mama Perisi akasema, "Hapo ulipoandika ndoa, dada hawezi kuingia. Ukiuliza ndoa, mtu atakutajia mimi, na hatakuwa amekosea. Futa. Andika wake zake. Mchungaji akikuuliza, mwambie nimesema mimi, mwenye cheti cha ndoa." Nilifuta. Neno moja lile, ndoa, ndilo lililokuwa limenijibu badala ya Mzee Stefano. Nilikuwa nimeuliza kwenye mlango mmoja na kudhani nimeiona nyumba yote.

Tulipofika kwenye watoto, nikasema sita. Damari, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, akasema, "Saba." Mama Perisi akamgeukia. Nadhani hata yeye hakutarajia. "Kabla ya hao sita kulikuwa na mmoja," alisema Damari. "Aliitwa Mlewa. Aliishi miezi minne. Lazaro mwenyewe ndiye aliyemchimbia." Niliandika Mlewa, miezi minne. Mwandiko wangu mzuri ukawa kama wa darasa la tatu. Choroko zilifurika kwenye moto na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kizito namna ile, na yalikuwa maneno matatu tu.

Nyumbani nilikosea tena. Nilipanga historia ile ile ya kwanza, nikamweka Damari mwishoni, baada ya ugonjwa: pia aliishi na mama Damari ambaye alimuuguza. Niliona nimefanya haki. Mwalimu aliusogeza mgongo karibu na jicho lake, akaweka kidole. "Ukimweka hapa ni nyongeza. Stefano atasema ni mtumishi. Alikuja lini katika maisha ya Lazaro?" Nikasema kabla ya ubatizo. "Basi mpeleke huko." Nikachora mshale mrefu kutoka chini ya karatasi mpaka juu. Alipofika pale juu mambo mengine yote yalianza kusogea yenyewe. Mlewa akaja baada yake, ubatizo ukaja baada ya Mlewa, na ubatizo ulipokuja ilibidi niandike ulichomgharimu nani. Maneno matamu hayakuwa na pa kukaa. Nilimuuliza Mwalimu siku ile swali ambalo sikupaswa kumuuliza mkubwa wangu: yeye aliyemjua Damari miaka yote, aliyekaa kwenye benchi la mbele kanisani, aliwahi kusema nini? Aliendelea kutazama karatasi. "Sikusema," akajibu baadaye. "Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza." Nadhani ndiyo sababu hakutaka kuisoma yeye.

Siku ya msalaba ilikuwa na mawingu mazito na joto la kabla ya mvua. Watu hawakuwa wengi kama siku ya maziko. Walisimika msalaba wa mbao, wakapanga mawe, mchungaji akaomba, kisha Mwalimu Eunike akanigusa mgongoni. Nilisimama, nikasema kwamba nitaisoma historia ya marehemu, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na upungufu. Niliisoma bila kuinua macho. Nilimtaja Damari, mke wake wa kwanza. Nilimtaja Mlewa. Nilisema kwamba Lazaro alipobatizwa alitakiwa kubaki na mke mmoja, na kwamba Damari aliendelea kuishi katika nyumba yake na kulima shamba lake kwa ridhaa ya Lazaro mpaka siku alipofariki. Sikuongeza kwamba alikuwa mtu wa watu. Hakuna mwanamke aliyelia.

Mzee Stefano alisimama. Hakupaza sauti. "Mwalimu, karatasi sasa ziko mbili. Mwandiko ni mmoja, msomaji ni mmoja. Sisi hatukusoma kama wewe. Tuambie ipi ya kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kusoma. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Ningeweza kusema zote ni za kweli, na kwa namna fulani ningekuwa sahihi: hakuna sentensi katika ile ya kwanza ambayo ningeweza kuionyesha kidole na kusema hii ni uongo. Nilimtazama Mwalimu Eunike naye akawa anatazama msalaba. Nikasema, "Ya kwanza niliiandika bila kuuliza. Nilimuuliza mtu mmoja maswali niliyoyataka, nikaenda kuandika. Msiitumie. Aliyekosea ni mimi, si Mzee Stefano." Kulikuwa na mguno. Mtu nyuma alisema, "Ualimu gani huu?" na kuna aliyecheka. Mama Perisi aliinuka alipokuwa ameketi, akaenda akasimama kando ya Damari, bega kwa bega. Mwenyekiti alinyoosha mkono. Nilimpa karatasi ya pili. Akatoa ile nakala ya kwanza kwenye faili lake, akanirudishia, akaiweka hii ya pili mahali pake. Nyumba ilibaki ya Damari. Shamba la bondeni Mzee Stefano alikuwa ameshalipanda wiki ile, bila kungoja mtu, na halikurudi tena. Mimi niliitwa "mwalimu wa historia mbili" mpaka nilipohamishwa, na hakuna mfiwa aliyenipigia hodi mwaka ule wala uliofuata.

Tangu hapo nimeandika mengi: taarifa za shule, miradi ya maji, mihtasari ya vikao ambayo hakuna atakayeisoma. Sijawahi tena kuandika sentensi ya kwanza bila mgongo kwenye karatasi, na sijawahi kuubakiza mgongo mezani kwangu. Vijana wanadhani nawafundisha mpangilio. Wananionyesha vichwa vya habari vilivyonyooka, vyenye namba, na mimi nawauliza wamewasomea akina nani, wanashangaa. Sina namna ya kuwaeleza bila kuwaeleza yote haya.

Siku ile ya msalaba nilimsindikiza Damari mpaka nyumbani kwake. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, yakiacha mashimo kwenye vumbi. Mlangoni nilipiga goti, nikamwambia, "Mama, nisamehe." Aliniinua kwa kiwiko.

"Nimekusamehe, mwanangu. Umenirudishia mtoto wangu, nimemsikia akitajwa mbele za watu." Akafungua mlango, akasimama kizingitini kidogo. "Ila siku ile ya kwanza nilisimama nikakusikiliza mpaka mwisho, ukamaliza na mimi simo. Nikarudi humu ndani, nikashika vyungu vyangu kimoja kimoja, nijue kama kweli niliishi."